Maziwa ya Chumba cha Pili

Sista wa kliniki alimwinua binti yangu kwa mikono miwili ili kina mama waliokaa nyuma nao wamwone. "Mwangalieni huyu," alisema kwa Kiswahili. "Tangu azaliwe hajaonja maji, wala sukari, wala maziwa ya mnyama. Ni titi la mama tu."

Nilisimama kando yake nikitafsiri kwa Kisomali, kama nilivyozoea kufanya siku za kliniki ya watoto. Wanawake kwenye mabenchi wakasema mashallah. Mmoja alinyoosha mkono akayabonyeza mapaja ya mtoto, yaliyokuwa na mikunjo kama unga uliokandwa. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi mstari wa mbele. Kiswahili alichokijua ni cha sokoni, na siku ile alikitumia chote.

"Sista, hii mtoto nabata maziwa mingi sana," alisema. "Mama yake nasoma kila kitu."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Jasho lilinitiririka mgongoni chini ya buibui. Maziwa yaliyomnenepesha mtoto yule hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mwanamke wa chumba cha pili nyumbani kwetu, na kati ya wote waliokuwa pale, ni mimi peke yangu niliyejua.

Tuliishi Iftin, mtaa wa Garissa, katika boma lenye ua wa miiba upande mmoja na mabati machakavu upande wa pili. Chumba cha kwanza kilikuwa changu na mume wangu. Cha pili kilikuwa cha kaka yake, lakini huyo kaka alifanya biashara Liboi, mpakani na Somalia, na kuja mara chache, kwa hiyo aliyekaa humo ni mkewe na wavulana wao watatu, wa mwisho akiwa bado ananyonya. Huyo mke wa shemeji yangu nilimwita Abaayo, dada, kama tunavyoitana sisi wanawake. Alikuwa mnene, mwenye sauti, na hakuna jambo ambalo hakulipatia mzaha. Chumba cha mwisho kilikuwa cha mama mkwe. Yeye aliuza maziwa ya ngamia sokoni. Alitoka mapema kwenda kupokea madumu yaliyoletwa kutoka malishoni, akarudi baada ya adhuhuri. Asubuhi zote nyumba ilikuwa yetu sisi wawili na watoto.

Mimi shule niliiacha darasa la tano. Kiswahili nilichonacho nilijifundisha mwenyewe, kwa redio na kwa vipande vya magazeti ambavyo wenye maduka walifungia sukari. Nilinakili sentensi, nikakosea, nikafuta, nikaandika tena mpaka karatasi ikatoboka. Ndivyo nilivyo. Chapati isiyo mviringo naikanda upya. Nilipopata mimba nilikwenda kliniki kabla tumbo halijaonekana, na sista, mwanamke wa kutoka Kitui ambaye hakujua neno la Kisomali zaidi ya salamu, alifurahi kupata mtu wa kumtafsiria. Kwa hiyo kabla sijawahi kumshika mtoto wangu kifuani nilikuwa nimekwisha kuwafundisha wanawake wengi wa Garissa jinsi ya kunyonyesha. Usimwage dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano. Usimpe maji wala samli. Mpe titi kila anapolitaka, usiku na mchana. Mdomo wake uwe wazi kama anayepiga miayo, kidevu kiguse titi, aingize chuchu pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka. Niliyasema hayo kwa ufasaha hata wenye watoto saba wakanisikiliza.

Nilijifungua hospitalini salama, na binti yangu akaonja dang'a yake kabla ya kuoshwa. Tuliporudi nyumbani tulimkuta mama mkwe mlangoni na kikombe cha maji ya sukari na kijiko cha samli. Ndivyo mgeni anavyopokewa duniani katika ukoo wake.

"Hapana, Hooyo," nilimwambia. Hooyo ni mama. Sikukosa adabu ya kumwita hivyo. "Tumbo lake halijawa tayari. Na mikono ina vijidudu."

Aliitazama mikono yake. Ilikuwa mikono iliyosugua vyombo vya maziwa kila siku ya Mungu na kuvifukiza moshi wa magogo mpaka viwe safi kuliko sahani za hoteli. "Hii ndiyo iliyomlea baba yake," alisema, akakiweka kikombe chini. Hakunipa tena kitu cha kumlisha mtoto. Nilijiona nimeshinda. Hata katika kuandika haya uso wangu unawaka.

Yaliyofuata hayakuchukua muda. Binti yangu alishika chuchu tupu, kwa ufizi, akavuta. Nikajua amekosea, nikamtoa, nikaanza upya. Akashika nusu. Nikamtoa. Akashika vizuri lakini kidevu hakikugusa, au hivyo ndivyo nilivyoona, nikamtoa tena. Alilia mpaka akawa mwekundu, nami kila alipolia nilizidi kutafuta ule mkao niliousema kliniki. Baada ya siku chache chuchu zilikuwa zimepasuka, na alipocheua maziwa niliona uzi wa damu ndani yake. Nilipomwona anageuza kichwa kunitafuta, miguu yangu ilikakamaa kwa hofu. Mama anayeogopa mdomo wa mtoto wake: hilo sikulisikia redioni wala sikulisoma popote, nikadhani nimelianzisha mimi.

Abaayo alinikuta hivyo asubuhi moja mama mkwe akiwa sokoni. Alisimama mlangoni, mwanawe kiunoni, akanitazama nikimtoa na kumrudisha.

"Unafanya nini, abaayo? Unafuta na kuandika upya?"

"Hajashika vizuri."

"Mtoto hajui kusoma. Mwache ale."

"Nina vidonda."

Aliniinamia akatazama, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akifanya mzaha. "Lete," alisema. Alimkabidhi mwanawe kipande cha chapati, akakaa kwenye mkeka, akafungua dera lake. Binti yangu alifungua mdomo kama anayepiga miayo. Kidevu kiligusa titi. Kila kitu kilikuwa kama nilivyowafundisha watu. Kwa muda mrefu chumbani hakukusikika ila mmezo wake, na mimi nililia kwa nafuu, kisha nikalia kwa sababu ya ile nafuu.

"Mpaka upone," Abaayo alisema.

"Usimwambie Hooyo."

"Mpaka upone," alirudia, na nililichukua hilo kuwa ni ahadi.

Vidonda vilipona. Lakini titi lisiponyonywa hupunguza maziwa, na hilo pia nilikuwa nimelitafsiri mara nyingi. Mimi nilibaki kumpa kidogo anapoamka, ili mume wangu na mama yake waone, kisha asubuhi mama mkwe akishatoka nilibisha hodi chumba cha pili. Jioni Abaayo alikuja kumchukua "amchezeshe". Nilijiambia sijavunja sheria yoyote. Sista alisema titi la mama tu, na Abaayo si ni mama? Chupa sikuinunua. Maji sikumpa. Niliyashika maneno yote, nikaacha kumshika mtoto.

Ningeweza kumwambia sista. Angenishikia mtoto, angenionyesha, na huenda ingekuwa kazi ya asubuhi moja. Sikuweza. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Na mama mkwe ningemwambiaje, baada ya ile mikono?

Kuna jambo ambalo msomaji wa mbali huenda halijui. Kwetu Waislamu, mwanamke akimnyonyesha mtoto wa mwingine mpaka akashiba, mara tano zatosha, mtoto huyo huwa wake kwa maziwa. Watoto wake huwa ndugu zake. Mumewe huwa baba. Hawawezi kuoana kamwe, na hawana haja ya kujistiriana wakikua. Kumnyonyesha si kosa. Ni hisani kubwa. Lakini ni lazima ijulikane. Undugu wa damu huonekana kwa tumbo na kwa majirani. Undugu wa maziwa hauna alama; ukinyamaziwa umepotea, na watoto watakutana siku moja bila kujua wao ni nani.

Nilijua hayo tangu utotoni. Sikuyasahau. Niliyaweka kando, kama mtu anayeweka kando nguo ya kushona.

Basi kaka mtu akatuma habari kutoka Liboi. Amepata nyumba, biashara imetulia, mkewe na watoto waende. Gari lingeondoka wiki iliyofuata pamoja na msafara wenye askari. Abaayo alikuja kunieleza nikiwa nafua.

"Kabla sijaondoka utasema," aliniambia.

"Nitasema. Nipe muda kwanza maziwa yarudi."

"Maziwa ni shauri lako na binti yako. Mimi nazungumzia maziwa yangu."

"Nitamwandikia Hooyo barua ukishafika."

"Hooyo anasoma?" Alicheka, kisha akaacha. "Sikiliza. Mimi nina wavulana watatu na Mungu akijalia nitapata wengine. Wewe una msichana, tena mzuri, kwa sababu anakula kwangu. Leo wanagombania mkia wa mbuzi. Kesho Hooyo atasema, huyu na huyu wanafaana, tusimpeleke binti mbali. Nani atasimama akatae? Wewe? Wewe huwezi kukataa hata sifa za uongo."

Niliendelea kukamua nguo iliyokwisha kukauka maji.

"Na kama nitakufa kwenye barabara ile?" aliendelea. "Nimekaa kimya kwa ajili yako. Mbele ya Mungu sikai kimya kwa ajili ya mtu. Sema, au nitasema mimi, na nikisema mimi nitatia chumvi."

Siku mbili nilitafuta maneno. Niliyapanga kichwani, nikayapanga upya. Nilitaka yawe maneno ambayo mtu akiyasikia ataelewa bila kunidharau. Hayapo. Alasiri ya siku ya tatu mama mkwe alikuwa ameketi uani akifukiza vyombo, amekiinamisha chombo juu ya kijinga cha moto, na majirani wawili, wauza maziwa wenzake, walikuwa wakinywa chai naye. Abaayo alitoka chumbani, akamweka binti yangu mapajani mwangu mbele ya wote, akakaa.

"Hooyo, mke wa mwanao mdogo ana jambo," alisema.

"Ana jambo gani?" mama mkwe aliuliza. "Amesoma kitu kingine?"

Majirani wakacheka. Nilisema haraka, nikimtazama mtoto. "Hooyo, Abaayo amemnyonyesha. Tangu wiki ya kwanza. Mimi nilikuwa na vidonda, halafu... halafu niliendelea tu. Anakula kwake. Wavulana ni ndugu zake."

Moshi uliendelea kutoka mdomoni mwa chombo. Mama mkwe alikisimamisha taratibu, akakifunika kifuniko ili usipotee.

"Mara ngapi?"

Mimi ninayehesabu kila kitu, hizo sikuzihesabu. Nilimtazama Abaayo.

"Hooyo, mtazame mapaja yake," Abaayo alisema. "Tano ilipita zamani. Ilipita kabla ya arobaini."

"Alishiba?"

"Alikuwa akilewa kabisa."

Jirani mmoja alipiga makofi mara moja akasema, "Kumbe ng'ombe wa maonyesho ana maziwa ya kukopa!" Mwenzake alimkanyaga mguu, lakini alikuwa akicheka pia. Kesho yake soko zima lilijua. Wiki hiyo hiyo habari ilikuwa imefika kliniki.

Mama mkwe hakucheka. Alifuta mikono kwenye leso, kwa uangalifu, kidole kimoja kimoja, na nilijua anafanya hivyo ili nione. "Ulinikataza mimi nisimtie tone la sukari," alisema. "Sikusema neno. Nilisema, mke wa mwanangu anajua. Ungekuja ukaniambia, Hooyo, inauma. Unadhani mimi haikuniuma?"

Nilitaka kuomba msamaha. Yeye alikwisha kuniacha. Aliwaita wavulana watatu, hata yule mdogo aliyekuwa akitambaa na pua imejaa kamasi, akawapanga mbele ya binti yangu, akawaambia majirani, "Nyinyi ni mashahidi. Huyu ni dada yao. Maziwa ni mamoja." Mkubwa akauliza kama sasa atagawana naye kitanda. Akaambiwa aende akacheze.

Mume wangu alipopata habari aliuliza jambo moja tu: "Ulimwogopa nani?" Alisubiri jibu kwa kweli, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda.

Siku zilizobaki kabla ya msafara zilikuwa za kazi. Nilikwenda kwa sista asubuhi na mapema, kabla ya wengine, nikamweleza kwa Kiswahili kibaya kuliko nilichowahi kusema maishani, hata ngeli zilinitoroka. Hakuniuliza kwa nini. Alitoa mto, akamgeuza mtoto tumbo kwa tumbo nami, akanisukuma mabega yangu chini. "Ulegee," aliniambia. "Yeye anajua kazi yake. Na akishika vibaya kidogo, mwache kwanza." Alinitaka nimnyonyeshe kila mara, hata kama hayatoki, ili mwili upate habari. Nilitoka pale nikipita mbele ya benchi la kina mama waliokuwa wamekwisha kufika. Yule aliyembonyeza mapaja alikuwepo. Alinitazama kifuani, kisha usoni, kisha akasogea kumpa jirani nafasi, ingawa nafasi ilikuwepo. Kipindi kile alitafsiri mtu mwingine.

Binti yangu hakunihurumia. Alinyonya kidogo, akaona hakuna kitu, akakunja mgongo akapiga kelele huku akitazama mlango wa pili. Abaayo alikaa ndani, mlango umefungwa. Tulikubaliana hivyo, ampe mara moja tu kwa siku. Nilimsikia ukutani akiimba kwa sauti kubwa ili asimsikie. Siku moja kabla ya safari maziwa yangu yalishuka. Si mengi. Yalianza kwa kuchoma, kama mguu uliokufa ganzi unapoamka, na mdomo wake ukabadili mwendo: ukaacha kudonoa, ukaanza kuvuta na kumeza. Nilimtazama mama mkwe, aliyekuwa amekaa mkekani akichambua mchele. Aliona. Aliendelea kuchambua.

Asubuhi ya safari tulimsindikiza Abaayo mpaka palipokusanyika magari. Lori lao lilikuwa limejaa magunia na magodoro, na abiria walikaa juu yake. Askari walikuwa wakizunguka, madereva wakipiga honi bila sababu. Wavulana walikwisha kupandishwa. Abaayo alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye gurudumu wakati binti yangu alipoanza kulia mikononi mwangu.

Aligeuka. Niliona mbele ya dera lake, lililokuwa la kijani kibichi, madoa mawili yakitokea na kupanuka. Hakuyagusa. Watu wengi walikuwa pale, wanaume kwa wanawake, na kila mwenye macho aliona mwili wa nani ulioitikia mtoto wangu alipolia. Mtandio ulikuwa shingoni mwangu. Ningeweza kumpa ajifunike. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumkumbatia mtoto zaidi, nikamgeuza uso upande wangu.

"Mpe mama yake amuage," alisema mama mkwe.

Alikuwa akisema nami. Alitumia neno lilelile analolitumia akiniita mimi mama wa mtoto, bila kulipunguza. Nilimtoa binti yangu kifuani nikamkabidhi. Abaayo aliketi kwenye gunia upande wa kivuli cha lori, akajifunika kwa mtandio wangu niliokuwa nimekumbuka mwishowe kuutoa, akampa titi. Dereva alipiga honi. Abaayo alimtukana bila kuinua kichwa, matusi ya kistaarabu, kuhusu mama yake na kama aliwahi kunyonya. Watu waliokuwa juu ya magunia walicheka sana.

Lori la mbele liliwasha injini. Abaayo aliingiza kidole kwenye pembe ya mdomo wa mtoto, akamtoa katikati ya mmezo. Binti yangu alibaki mdomo wazi.

"Hajashiba," alisema, akiniletea. "Malizia wewe."

Akapanda. Nilikaa kwenye lile gunia, lililokuwa bado na joto lake, mbele ya wauza chai na askari na wanawake wa soko wanaonijua. Mama mkwe alisimama mbele yangu akafungua shuka lake likawa pazia. Mtoto alishika vibaya. Niliona kabisa kwamba ameshika vibaya, kidevu hakikugusa, mdomo wa chini ulikuwa umekunjamana, na mkono wangu ulikwenda wenyewe kumtoa.

"Mwache," alisema mama mkwe.

Nikamwacha. Iliuma. Msafara uliondoka ukatumwagia vumbi, na nyuma ya shuka lile mimi niliinamisha kichwa nisimtazame mtu, nikimsikiliza kama anameza.